Kiwanja ya zamani ya mupira: universite ya mujini iinunue ao iache?

MwanaKasapa

Jambo ba yaya, jambo ba mama. Jana tulibishana hapa nyumbani Kamalondo, Lubumbashi, mpaka chai ikapola, njo naleta maneno hapa. Mutoto ya tantini eko San Diego, anasoma ku San Diego State, alitutumia picha ya kiwanja kubwa mupya akaandika "yote hii iko ya shule yetu". Mujomba akavua miwani akauliza, sasa shule inatafuta nini mu kiwanja, ba prof njo bataingia kucheza? Tulicheka, lakini nililala na ile swali.

Ju haiko shule moja tu. Kule Marekani inafikaka timu kubwa inahama, inaacha kiwanja na parkingi kubwa mu muji, na universite yenye haina tena nafasi inaanza kuitolea macho. Nilichunguza tatu na kila moja ilifanya yake.

San Diego: timu yao ya futbol (ile ya kofia ngumu na kugongana, si yetu) ilihamia Los Angeles mu 2017 ikaacha kiwanja ya tangu 1967. Bantu bakapiga kura mu Novemba 2018, kulikuwa mipango mbili, ya bafanya biashara na ya universite, ya universite ikapita. 2020 shule ikanunua kwa dolari milioni 86 na kitu, hekta kama 54 hivi. Balibomoa ya zamani, bakajenga mupya ya bantu 35,000 yenye ilifunguliwa 2022, na pembeni mpango ni nyumba 4,600, maabara, oteli, bustani kandokando ya mto.

Atlanta: universite ya Georgia State haikubomoa. Kiwanja ilijengwa kwa Olimpiki ya 1996, kisha Braves ba baseball bakakaa mule, bakahama kisha msimu wa 2016, na mwanzo wa 2017 universite ikakamata pamoja na kampuni ya ujenzi, dolari milioni 30. Balipunguza viti tu, toka kama 50,000 mpaka nusu, sasa timu ya shule inacheza mule.

Pittsburgh njo inanipendeza. Universite ilinunua kiwanja ya baseball, Forbes Field, mu 1958 kwa dolari milioni mbili, ikaacha timu iendelee kucheza mpaka 1970! Miaka kumi na mbili ya kungoja. Mu 1971 bakavunja, bakajenga madarasa. Na mule ndani ya jengo, chini ya kioo mu sakafu, bakaacha kile kibao cheupe chenye mupigaji anasimamaka pembeni yake.

Mimi kura yangu Pittsburgh. Nyinyi je?

Lupopo_damu

Kwanza niseme wazi, mutu akija kunigusia stade ya Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si inchi) na karatasi ya universite mukononi tutaonana vibaya. Mimi nilizaliwa mu ile komini, baba alinibeba mabegani kuingia mule, na mpaka leo timu yetu Saint-Éloi Lupopo inacheza mule. Ba Mazembe, bapinzani betu, beye bako na kiwanja yao tangu 2011, viti 18,500, basherehekee, haitusumbui, siye tunajuaka kungoja.

Lakini yaya uliuliza ya Marekani na kule kiwanja ilikuwa imeisha kuachwa, hiyo ni maneno ingine. Basi mimi niko na Atlanta. Kiwanja ilijengwa ya mupira, iendelee na mupira, ata ukipunguza viti. Madarasa unaweza kujenga popote, kiwanja ukibomoa haitarudi tena, na ata San Diego yenyewe ilibomoa moja ili ijenge ingine pale pale, sasa hiyo ni hekima gani?

Fundi_Ramani

Ndugu Lupopo, nitakujibu ju njo kazi yangu. Kiwanja kubwa ya saruji ni bakuli. Huwezi kuigeuza darasa, hakuna madirisha, hakuna mabomba ya vyoo kule juu, ngazi zote zinaenda upande moja. Unabaki na njia mbili: uichezee, ao uibomoe. Na ya kuichezea hesabu yake ni ngumu, ju timu ya universite ya kule inacheza nyumbani mara sita saba kwa mwaka, siku zingine zote unalipa bazamu, umeme, majani, rangi. Kwa hiyo San Diego hawakuwa bajinga, ya zamani ilikuwa ya bantu elfu sabini, saruji yake mbovu, ya mupya ni nusu na inapangishwa kwa timu zingine pia, ya banawake na ya banaume ya mupira wetu wa miguu.

Mali yenyewe ni parkingi. Bantu banaona viti, mimi naona lami tupu yenye mutu anaweza kujenga bila kufukuza mutu leo. Lakini chini ya lami uchunguze! San Diego pale kulikuwa matangi ya mafuta jirani, mafuta ilivuja mu maji ya ardhini kwa miaka mingi, na mto ukijaa parkingi ilikuwa inageuka ziwa. Ndiyo maana upande wa mto baliweka bustani, si nyumba. Siye bantu ya Lubumbashi tunajua udongo yenye ilikunywa bintu ya kiwanda, sihitaji kueleza.

Kisha umbali. Hii njo ningeweka mbele ya bei. Pittsburgh kiwanja ilikuwa imeshikana na shule, munafunzi anatoka darasa hii anaingia ile kwa muguu. San Diego kuko gari moshi ya muji, laini moja inapita chini ya kampasi ya zamani na inasimama ku kiwanja, bila ile nisingekubali. Atlanta kampasi iko katikati ya muji na kiwanja iko ngambo ya barabara kuu yenye magari inapita kama mto, unavuka juu ya daraja. Sasa uniambie nani anafuata somo ya saa mbili kule na ya saa nne huku.

kasumbalesa_express

Balipe kwanza ba prof, kisha tutasema ya viwanja

Mama_Nyota

Mwanangu kasumbalesa, uko na haki lakini kaa chini kwanza.

Mimi nauliza ya bantu wenye walikuwa pale MBELE ya kiwanja, ju munaongea kama udongo ilikuwa tupu. Ile mutaa ya Atlanta inaitwa Summerhill. Miaka ya 1960 balipitisha barabara kuu na kujenga kiwanja ya kwanza, familia nyingi za bantu beusi zilihamishwa, nyumba zikawa parkingi. Miaka makumi tano wanauza maji na kulinda magari siku ya mchezo, siku zingine hakuna ata duka ya maana. Halafu timu inahama, universite inakuja na bajenzi, na majirani bakaweka mahema pale pembeni mu 2017 ju balitaka makubaliano ya maandishi kuhusu loyeri (kodi ya nyumba) na kazi. Mahema, tena ya bantu bazima wenye kuwa na nyumba zao. Hawakupiga kelele ju ya mupira.

Mimi napangisha vyumba tatu njia ya Kasapa, kwenye kampasi ya universite yetu iko, najua vile inaendaka. Homu (mabweni) za kampasi zikijaa, banafunzi banakuja kwetu, bako batatu mu chumba moja, na mwenye nyumba wa jirani akiona hivyo anapandisha bei ata kwa mama mujane asiye na munafunzi. Sijisifu, ata mimi nilipandisha mara moja. Universite ikihamia mahali, loyeri inatangulia kufika. Kwa hiyo mpango wenye hauna vitanda mimi siuungi mkono, ata uwe na kioo mu sakafu.

Mwalimu_Kalemie

Nami niongeze (nisameheni Swahili changu, nimekaa sana upande wa pili wa ziwa). Mama Nyota amegusa penyewe. Kuna mfano wa nne ambao MwanaKasapa ameusahau: Boston. Timu ya Braves, hao hao waliokuja kufika Atlanta baadaye, waliondoka Boston mwaka 1953 kwenda Milwaukee, na Boston University ikanunua uwanja wao mwaka huo huo. Wakaacha sehemu ya jukwaa na lango la zamani, wakabaki na uwanja mdogo wa michezo, na pembeni wakapandisha majengo marefu ya kulala wanafunzi. Yaani si kuchagua kati ya mpira na vitanda, vyote viwili vimeingia pale, kwa sababu walikubali uwanja uwe mdogo. Tatizo la San Diego kwangu ni kwamba nyumba nyingi zile 4,600 ni za soko, si za wanafunzi, na zinajengwa polepole kwa awamu, lakini uwanja wa mpira ulimalizika kwanza. Ukitaka kujua nyumba ina mipango gani, angalia chumba kilichopigwa rangi kwanza.

Lupopo_damu

Mwalimu ile Boston inanigusa kidogo. Kumbe balibakisha lango?

MwanaKasapa

Balibakisha, na jengo ya kukatia tiketi pia, ilikuja kuwa ofisi ya polisi ya universite.

Mama, nimekubali, nilisahau vitanda. Wakati nilikuwa munafunzi nilikuwa nalala kwetu Kamalondo, asubuhi ninasimama na bantu mia kungoja bisi ya kwenda Kasapa, mu mvua ya Januari, unafika oditwari viatu inalia. Baliotujengea ile kampasi kule inje ya muji, miaka ya 1950, balifikiri munafunzi ni mutu wa kulala palepale. Sasa sisi tuko mingi na tunalala kila mahali. Njo maana mimi nikisikia "kiwanja mu muji" roho inaruka, ju iko pale bisi zote zinapita, ilijengwa bantu elfu bafike na batoke mu saa moja. Fundi, hii hukuisema!

Fundi_Ramani

Nakubali, ila bantu elfu mara moja kwa juma si sawa na bantu elfu kila asubuhi saa moja na nusu. Vyoo, maji, umeme, ile yote inahesabiwa upya. Lakini ndiyo, njia ziko.

Na Pittsburgh ile usiisifu sana, ile jengo yenye balijenga ni saruji tupu, kubwa, ya huzuni, banafunzi banapotea mule ndani. Wazo nzuri, ramani mbaya.

Mama_Nyota

Na siku ya mchezo bamama walikuwa banauza wapi kule Pittsburgh? Bakati ya kuvunja, beye balienda wapi? Hakuna mutu anaandikaka ile.

MwanaKasapa

Kweli mama, sijaona mahali.

Nilichoona ni kwamba kipande ya ukuta wa matofali ilibaki inje, na kila mwaka tarehe 13 Oktoba bazee banakuja pale kusikiliza tena redio ya mchezo ya 1960, siku Mazeroski alipiga mupira ukapita juu ya ukuta na timu yake Pirates bakapata kombe. Universite haibafukuze.

Lupopo_damu

Na ile kioo ya mu sakafu, mutu anaweza kuikanyaga?

MwanaKasapa

Banapita juu yake kila siku kwenda darasani, bengine habaangalie ata chini.

Lupopo_damu

Basi mukamate kiwanja yenu. Ila kioo muweke pale pa penalti, si pa katikati. Na stade ya Kenya nimeisha kusema.