Naombeni ushauri: kilo zimepinda kwenye jedwali na kesho tunasomeana hesabu

Binti_Jambiani: Asalaam aleikum wanajukwaa. Mimi katibu wa kikundi chetu cha mwani. Jana tumepima, nikatengeneza jedwali kwenye Word: jina, kilo, bei, jumla. Sasa 8 imekaa chini ya 1 ya 112.5, na majina marefu yameshuka mstari wa pili. Kesho baada ya laasiri tunasomeana. Kina mama wakiona karatasi imepinda watahisi wamepunjwa. Nisaidieni, nina wasiwasi mkubwa.

Yakhe_Wete: Waaleikum salaam. Kwani daftari lina nini? Marehemu babu akipima karafuu kwa pishi, hesabu yote kichwani, na hakuna mchumaji aliyewahi kumdai.

Fundi_Darajani: Chagua safu nzima ya kilo, bonyeza Ctrl+R, nambari zitakwenda kulia. Ziandike zote kwa desimali moja, 8.0 na 112.5, nukta zitapangana. Kwa majina marefu, kwenye Layout ya jedwali kuna vitufe tisa. Chukua kinachoweka maandishi katikati ya kimo cha kisanduku.

Binti_Jambiani: Nimefanya. Zimezidi kupinda.

Fundi_Darajani: Basi mna kitu ndani ya visanduku. Bonyeza Ctrl+Shift+8, niambie unaona nini.

Binti_Jambiani: Vidoti, vimejaa tele. Kaka, niliandika kwenye simu nikazisogeza kwa spesi. Lakini kwenye simu zimenyooka kabisa! Zimeharibikia steshenari. Na nakala nimeshaagiza, kwa hiyo naona nipige tu picha ya skrini ichapwe hivyo hivyo.

Bi_Mkubwa_Bububu: Mwanangu, hesabu ya watu ni amana. Picha haisahihishiki. Mama mmoja akisema kilo zake zimekosewa utafuta kwa wino?

Fundi_Darajani: Steshenari usiwalaumu. Kila kidoti ni spesi moja. Kwenye Times New Roman spesi ni nusu ya upana wa tarakimu. Fonti nyingine ina kipimo chake. Fonti ikibadilika, kazi yote ya spesi inavurugika.

Pweza_Mkavu: Ngojeni kwanza. Jana maji mafu, bahari haikupwa sana. Nani anavuna mwani maji mafu? Uzi huu umetungwa, huyu mwenye steshenari anatafuta wateja.

Binti_Jambiani: Nimesema tumepima, sikusema tumevuna! Tulivuna bamvua lililopita, maji yalipokupwa sana, tukaanika, jana tumepima mkavu. Wewe mwani umeuona wapi?

Bi_Mkubwa_Bububu: Kweli, mnunuzi hupima mkavu. Mimi nimelima miaka mingi, mgongo huu ni shahidi. Mwacheni mtoto.

Pweza_Mkavu: Haya, ila picha ya jedwali hatujaiona.

Fundi_Darajani: Binti, fungua faili kwenye kompyuta. Chagua safu ya kilo PEKEE, Ctrl+H, juu weka spesi moja, chini acha patupu, badilisha zote. Word itauliza kama iendelee na waraka uliobaki: jibu hapana, la sivyo majina yatashikana yote. Fanya hivyo hivyo safu ya bei na ya jumla, kisha Ctrl+R. Ukimaliza hifadhi kama PDF, hiyo ndiyo uipeleke kuchapwa.

Binti_Jambiani: Kilo zimenyooka! Naingia kwenye bei. Ahsante kaka. Nampigia mwenye duka asitoe zile za mwanzo.

Yakhe_Wete: Na huko kwenu mkavu mnauza kilo shilingi ngapi sasa?