Feni za kompyuta ya mezani zisizo na kelele: nibadilishe zipi?

MaikiBedsita

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kabla sijashuka tao. Kompyuta ni ya kuunga: prosesa ni Ryzen 5 3600 na feni yake iliyokuja kwenye boksi, madabodi ni ya B450, kadi ya grafiki ni GTX 1650, kisha kuna SSD moja na hadidiski moja ya TB 1. Kasha lina feni tatu za milimita 120, mbili mbele na moja nyuma. Hazina jina la kampuni, na zimechomekwa moja kwa moja kwenye nyaya za pawasaplai kwa vile viplagi vyeupe vya matundu manne.

Chumba ni bedsita, maikrofoni iko mita moja hivi kutoka kwenye kasha, na mvumo unaingia kwenye kila rekodi. Juu ya huo mvumo kuna feni nyingine inayopanda na kushuka kila baada ya sekunde chache, hata kompyuta ikiwa haina kazi yoyote.

Bajeti ni shilingi 6,000. Nibadilishe zote nne? Nambari za desibeli kwenye boksi zinaaminika? Na kama nafasi ipo, 140 ni bora kuliko 120?

NyayaNne

Usinunue kitu kwanza. Una maikrofoni, kwa hivyo una kipimo ambacho watu wengi hawana. Rekodi sekunde 30 za ukimya kompyuta ikiwa imewaka, fungua faili kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti), chagua yote, kisha tazama ule mchoro wa masafa. Vilele vitakavyotokea vina majina:

Feni: mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 60, zidisha kwa idadi ya mapanga. Feni ya mapanga 7 inayozunguka 1,200 inavuma kwenye Hz 140, yaani mitetemo 140 kwa sekunde. Ya mapanga 9 ikienda 1,800 inavuma kwenye Hz 270.

Hadidiski: ya 7,200 iko Hz 120, ya 5,400 iko Hz 90. Haibadiliki hata ufanye nini, na hapo ndipo utaitambua.

Umeme: stima yetu ni Hz 50, kwa hivyo kilele cha 50, 100 au 150 kisichosogea huenda kinatoka kwenye waya wa maikrofoni au adapta ya chaji. Hicho hata ukinunua feni za elfu ishirini hakitaondoka.

Ukishaona vilele, zima mashine, chomoa feni moja ya kasha, washa, rekodi tena. Dakika tano bila feni moja ya kasha haziui kitu mashine ikiwa haina kazi. Feni ya prosesa usiichomoe.

Kama kuna kukwaruza badala ya kuvuma, hiyo ni beringi. Laza kasha ubavu: kelele ikibadilika, bushi (beringi ya bei rahisi) imekwisha. Watu hubandua stika ya katikati na kutia tone moja la mafuta ya cherehani, na feni hutulia wiki kadhaa. Usitumie WD-40, maana inayeyusha na kuosha grisi iliyobaki, halafu inakauka.

Bisibisi_Ndogo

Nakazia hapo kwenye viplagi vyeupe, kwa sababu nusu ya tatizo lako iko hapo. Kiplagi hicho kina waya wa njano wenye volti 12, mwekundu wenye volti 5, na nyeusi mbili za ardhi. Feni ikikaa hapo inapata volti 12 muda wote, usiku na mchana, kazi iwepo isiwepo. Hakuna feni ya bei ya kawaida iliyo kimya ikiendeshwa kasi ya mwisho.

Utakuta watu wanashauri kuhamisha waya ili feni ipate volti 7, yaani kati ya njano na nyekundu. Hapana. Ile laini ya volti 5 haikuundwa kupokea mkondo unaorudi, na waya ukigusana vibaya unaunguza kitu cha bei kubwa kuliko feni.

Njia safi ni kuzihamishia kwenye pini za madabodi, zile zilizoandikwa CHA_FAN au SYS_FAN. Hapa ndipo wengi wanakosea:

Feni ya pini 3 hupunguzwa kasi kwa kushusha volti. Kwenye baiosi, ile mipangilio ya madabodi unayoingia kabla mashine haijawaka kikamilifu, lazima uchague DC. Ukiiacha kwenye PWM, feni itaenda kasi ya mwisho na utadhani umeuziwa takataka.

Feni ya pini 4 hupata volti 12 daima, halafu pini ya nne huipa amri ya kasi. Chagua PWM. Hii inaweza kushuka chini zaidi bila kukwama.

Pini moja ya madabodi kwa kawaida hubeba ampea 1. Soma stika ya feni: nyingi za 120 zinakula kati ya 0.1 na 0.3, kwa hivyo waya wa kugawa kwa feni mbili au tatu hauna shida. Kwenye waya huo, feni moja tu ndiyo inayorudisha habari za kasi, usishtuke ukiona nyingine hazisomeki.

Na tahadhari kwa wanaotembea Luthuli au Moi Avenue hapa Nairobi wakitafuta za taa: feni nyingi za rangirangi zina kiplagi cha pini 6 kinachoingia kwenye kisanduku chake tu, si kwenye madabodi. Muulize muuzaji aitoe kwenye boksi uone plagi kabla hujalipa.

KasiNusu

Kuhusu nambari za boksi: zinaweza kuwa za kweli na bado zisikusaidie. Ile desibeli huwa imepimwa feni ikienda kasi ya mwisho, ikiwa hewani peke yake, bila wavu mbele yake. Noctua NF-P12 redux-1700 imeandikwa 25.1 kwa mizunguko 1,700. Arctic wanaandika P12 yao kwa soni (kipimo cha sauti jinsi sikio linavyoisikia), si desibeli, kwa hivyo huwezi hata kuziweka kwenye mizani moja. Na feni isiyo na jina iliyoandikwa "15 dB" bila kutaja kasi, hiyo ni mapambo ya boksi.

Tumia hesabu hii badala yake: ukipunguza kasi ya feni iwe nusu, kelele hushuka kwa karibu desibeli 15. Hewa hupungua nusu tu. Ukiondoa feni moja kati ya mbili zinazofanana, unapunguza desibeli 3 peke yake. Kwa hivyo feni tatu zinazotembea polepole zinashinda moja inayokimbia, na ndiyo maana 140 ina faida: inasukuma hewa ileile kwa mizunguko michache. Lakini pima kwanza kwa rula. Matundu ya skrubu ya 120 yako umbali wa mm 105 katikati hadi katikati, ya 140 ni mm 124.5. Kasha likiwa na matundu ya 120 pekee, usianze kutoboa.

Mambo ya kuangalia dukani, kwa mpangilio wa umuhimu wangu: pini 4, kasi ya chini kabisa isiyozidi 500, beringi ya mafuta badala ya bushi ya kawaida, unene wa mm 25. Feni nyembamba za mm 15 lazima zikimbie ndipo zifanye kazi. Arctic P12 PWM inashuka hadi 200 na ina toleo la PST lenye waya wa kuunganisha feni moja na nyingine, basi huhitaji waya wa kugawa. Kwa bajeti hiyo ningeenda huko. Noctua ni nzuri zaidi kwa ulaini wa sauti, lakini tofauti yenyewe chini ya mizunguko 800 ni ndogo, na pesa ni pesa.

Jambo moja la hapa kwetu: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 ikilinganishwa na Mombasa. Feni inasukuma ujazo uleule lakini uzito mdogo wa hewa, kwa hivyo inaondoa joto pungufu. Nyuzijoto za ng'ambo unazoona kwenye video usizichukue kama ahadi. Bahati nzuri vyumba vyetu havina joto la Pwani, kwa hivyo mambo yanasawazika.

NyayaNne

Ile inayopanda na kushuka ni ya prosesa, na haihitaji spea. Ryzen za mfululizo wa 3000 huruka nyuzi 10 ndani ya sekunde moja ukifungua tu ukurasa, halafu zinashuka. Feni inafuata kila mruko. Ingia kwenye baiosi, sehemu ya feni, uweke hivi:

hadi 60°C: asilimia 30 ya kasi
70°C: asilimia 45
80°C: asilimia 70
88°C: asilimia 100

Mstari uwe tambarare kabisa chini ya 60, kwa sababu miruko yote ya kawaida inatokea hapo. Kama kuna kipengele cha kuchelewesha, kiweke sekunde 3 au zaidi. Prosesa hii inajilinda yenyewe ikifika 95, hutaiua kwa kuiacha ifike 75. Feni za kasha usizifungamanishe na prosesa. Zifuate kipimo cha madabodi, kinachopanda polepole.

Bisibisi_Ndogo

Ukiamua baadaye kubadilisha kipozajoto chote cha prosesa, sikiliza hii kwanza. Prosesa za soketi ya AM4, kama yako, zina pini chini yake, na pesti (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozajoto) ikikauka inashika kama gundi. Ukivuta wima, prosesa inang'oka pamoja na kipozajoto huku soketi ikiwa bado imefungwa, na pini zinapinda. Washa mashine ifanye kazi nzito dakika 10 pesti ilainike, zima, chomoa waya wa ukutani, legeza skrubu nne kwa kupokezana, kisha zungusha kipozajoto kushoto na kulia hadi kilegee ndipo ukinyanyue. Shikilia sahani ya nyuma ya madabodi kwa mkono mwingine, kwani skrubu hizo ndizo zinazoishikilia.

MaikiBedsita

Asanteni sana. Nimepima. Vilele ni Hz 120, halafu kundi la 158, 161 na 166. Feni zote za kasha zina mapanga 7. Ya prosesa imetulia baada ya mstari mpya. Hz 120 haikusogea nilipochomoa feni yoyote.

KasiNusu

161 mara 60, gawanya kwa 7: mizunguko 1,380. Hizo ni feni zako tatu, kila moja na kasi yake kidogo. Zikitofautiana Hz 3 hivi, sauti zao zinapigana na unasikia "wuu, wuu" mara tatu kwa sekunde. Ndiyo inayochosha masikio. Ukizishusha hadi 700, unapata karibu desibeli 15 za ukimya.

120 ni hadidiski. Hamishia rekodi kwenye SSD, weka diski ilale baada ya dakika 5 kwenye mipangilio ya umeme, na uitenganishe na kasha kwa washa za mpira kwenye skrubu zake. Usiifunge kwa sponji pande zote, itachemka.

Kwa hivyo nunua feni tatu za pini 4. Bajeti ikibana, mbili za mbele kwanza, na ile ya nyuma uihamishie pini za madabodi kwenye DC. Kama ina nyaya mbili tu itapungua kasi vilevile, ila baiosi haitakuonyesha mizunguko.

MaikiBedsita

Sawa kabisa. Upande upi ndio wa kuingiza hewa? Na zile pini za mpira badala ya skrubu zina maana?

NyayaNne

Upande wenye mikono ya fremu na stika ndiko hewa inakotokea. Mbele stika itazame ndani ya kasha, nyuma itazame nje. Kabla ya kufunga, toa jalada la mbele usikilize: kelele ikishuka sana, ni ule wavu wa chuma wenye matundu madogo, na hapo feni mpya zitasaidia nusu tu. Osha pia kichujio, vumbi la Januari na Februari linakiziba haraka. Ukipuliza kwa blowa, shika mapanga kwa kidole yasizunguke, beringi hufa hivyo.

Pini za mpira zinasaidia kama bati la kasha ni jepesi. Paka maji kidogo, vuta mkia kutoka nje kwa koleo polepole, na usikate mkia wote. Ukiukata mfupi hutaweza kuitoa feni tena bila kuichana.