Programu ya kusimamia miradi kwa kampuni ndogo ya kiufundi: Trello, Jira au Redmine?

Mwenye_Karakana
Wadau, salamu. Kampuni yetu ni ndogo, na hadi sasa kazi zote tunazifuatilia kwenye lahajedwali moja ambalo kila mtu hulirekebisha apendavyo. Juma lililopita mafundi wawili walikwenda kwa mteja yuleyule kwa kazi ileile, kwa sababu mmoja wao alikuwa akisoma nakala ya tangu Jumatatu. Nataka tuwe na programu kabla ya mwezi kwisha. Ipi inafaa kati ya hizo tatu?

Mlinzi_wa_Seva
Ndugu, umetaja programu tatu lakini hukutaja hata idadi ya watu. Mko wangapi? Mnaandika programu, mnafunga mitambo, au vyote viwili? Wateja nao watahitaji kuona kazi ilipofikia? Na nani ataisimamia baada ya kuwekwa?

Kadi_Tatu
Mimi sihitaji majibu hayo ili kupendekeza Trello. Unafungua ubao wenye safu tatu, yaani Bado, Inafanyika na Imekwisha, kisha kila kazi inakuwa kadi inayosogezwa kutoka safu moja hadi nyingine. Mtindo huu wa kanban ulianzia kwenye viwanda vya Toyota, ambako kadi ya karatasi ilisafiri pamoja na vipuri, na mfanyakazi hakuhitaji semina ili kuielewa.

Msoma_Mkataba
Kabla ya kuulizana ipi ni nzuri, ulizeni mtatokaje humo siku mkiichoka. Miaka kadhaa iliyopita tulijiunga na huduma moja ambayo sitaitaja, na kwa miezi kumi na minane tuliingiza humo kila kitu: michoro, picha za mitambo, makubaliano na wateja. Tulipoamua kuhama, tulipewa faili moja la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Vichwa vya kazi vilikuwamo, lakini maoni yote hayakuwamo, na viambatisho vilikuwa viungo tu, ambavyo vilikufa mara akaunti ilipofungwa. Tulipolifungua faili lenyewe kwenye lahajedwali, tarehe 03/04 ikasomwa kuwa tarehe 4 Machi badala ya 3 Aprili, hivyo kazi ambazo hazijaanza zikaonekana zimechelewa mwezi mzima. Nilikaa siku tatu nikisahihisha safu kwa mkono, na michoro miwili hatukuipata tena. Trello nayo, katika daraja la bure, hutoa data kwa JSON, yaani maandishi yaliyopangwa kwa ajili ya kusomwa na programu, na viambatisho hubaki kuwa viungo. Jaribu kutoa data siku ya kwanza, ukiwa na kadi tano tu.

Mwenye_Karakana
Ahsanteni. Tuko tisa: mafundi sita wa nje, waandishi wa programu wawili, na mimi. Huenda tukaongeza watatu.

Bisibisi
Hilo la watatu ndilo ulilopaswa kuanza nalo, mkuu! Jira ya bure inaishia watumiaji 10, na Trello ya bure nayo inaishia washiriki 10 kwa kila eneo la kazi (workspace) ndani ya programu. Mkifika kumi na wawili mtaanza kulipa, na malipo huhesabiwa kwa kichwa. Hata hivyo ningechukua Jira kwa ajili ya wale waandishi wawili, kwani imekuwapo tangu 2002 na ilikusudiwa kufuatilia hitilafu za programu. Jina lenyewe limetokana na Gojira, yule Godzilla wa Wajapani, na anayefungua mipangilio yake kwa mara ya kwanza ataelewa sababu.

Kadi_Tatu
Fundi aliye juu ya ngazi hawezi kujaza fomu ya Jira.

Mlinzi_wa_Seva
Redmine haimhesabu mtu. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, iliyotoka 2006, unaiweka kwenye seva yako, na data inabaki kwako. Wale waliokuwa na Jira kwenye seva zao wenyewe waliona usaidizi wa toleo hilo ukikoma Februari 2024, wakalazimika kuhamia kwenye wingu, yaani seva za mwenye programu, au kulipia toleo kubwa zaidi.

Msoma_Mkataba
Inabaki kwako pamoja na mzigo wake. Nakala rudufu nani atachukua, na nani amewahi kujaribu kuirejesha?

Bi_Ratiba
Nyote mmesahau utegemezi wa kazi. Nyaya hazivutwi kabla mabomba ya kuzipitishia hayajawekwa. Kwenye Redmine ukiunganisha kazi mbili kwamba moja inafuata nyingine, kisha ya kwanza ikasogezwa mbele, ya pili husogea yenyewe, na chati ya Gantt, ile inayochora kila kazi kama mstari kwenye kalenda, huonyesha hivyo. Ubao wa kadi hauoni jambo hilo. Utaona kadi mbili zimekaa kwa amani huku fundi mmoja akimsubiri mwenzake.

Kadi_Tatu
Kwa kazi za siku mbili mbili, chati ya Gantt ni pambo.

Bi_Ratiba
Hajasema kazi zake huchukua siku ngapi.

Mwenye_Karakana
Baadhi siku moja, nyingine miezi miwili. Nimejaribu Trello kwa mradi mmoja tangu mjadala huu uanze. Siku ya nne kadi saba bado zimo kwenye Inafanyika, ingawa tano kati ya hizo zimekwisha. Mafundi wanasema wakimaliza hunipigia simu, na ni kweli hunipigia.

Mlinzi_wa_Seva
Basi narudia swali langu la mwanzo ambalo hukulijibu: nani ataisimamia?