Mtoto wa miaka 15 yuko kasho (mahabusu ya polisi) kwa hasara ya pesa za simu: je, mimi naweza kushikwa mahali pake?

Mama Mdogo, Katuba:
Wandugu, salamu. Mtoto wa marehemu dada yangu, mwenye miaka 15, alikuwa akifanya kazi ya kutolea wateja pesa za simu kwenye kibanda cha bwana mmoja hapa Katuba, Lubumbashi. Mteja alimwonyesha ujumbe wa kwamba pesa zimeingia, mtoto akamhesabia dola 200 taslimu, na jioni ikaonekana kwamba akaunti haikupokea kitu. Tangu jana asubuhi yuko kasho pamoja na watu wazima. Ninaambiwa nisaini karatasi ya kukiri deni, la sivyo nitashikwa mimi. Je, sheria inaruhusu?

Avoka, Kampemba:
Pole sana, mama. Kama wakili nakuambia: usisaini. Kifungu cha 17 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinakataza mtu kukamatwa kwa kitendo cha mwingine, na kifungu cha 18 kinasema polisi hawawezi kumshikilia mtu kupita saa 48. Zaidi ya hayo, Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto imempa mtoto aliyetimiza miaka 14, ambaye hajafikisha 18, hakimu wake mwenyewe katika mahakama ya watoto, ambako kesi husikilizwa faraghani. Hakimu huyo anaweza kumkaripia, kumrudisha kwa walezi kwa masharti, au kumkabidhi kwa kituo cha malezi. Hata kabla ya uamuzi anaweza kumwacha mikononi mwako. Peleka cheti cha kuzaliwa, kwa sababu umri ndio jambo la kwanza watakalobishia.

Mwenye kibanda kingine, Ruashi:
Mama, ile simu ya kazi isifutwe chochote. Ujumbe wa uongo mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida, ilhali ule wa kweli hutumwa kwa jina la huduma, na salio la akaunti huongezeka papo hapo. Mwenye akaunti aombe kwa kampuni orodha ya miamala ya siku ile: itaonyesha kwamba mtoto alidanganywa.

Baba Kabwe:
Namwonea mtoto huruma, lakini dola 200 za mwenye kibanda nani atazirudisha?

Avoka, Kampemba:
Swali ni la haki, baba. Anaweza kudai fidia kwa njia ya madai, au wakapatana kupitia kamati ya upatanishi ambayo sheria hiyohiyo imeiweka. Asichoweza ni kumfanya mtoto rehani. Na mwenye kibanda mwenyewe ana la kujibu: mtoto huajiriwa akiwa na miaka 16, na wa miaka 15 huhitaji ruhusa ya hakimu wa watoto. Mama, waliandika saa ngapi alipoingia?

Mama Mdogo, Katuba:
Saa mbili asubuhi ya jana, na cheti ninacho. Kwa hiyo muda wao unakwisha kesho saa mbili.

Avoka, Kampemba:
Ndiyo, na kwa mtoto hata hizo 48 si za kungojea. Nenda leo kabla parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) haijafunga, uombe apelekwe kwa hakimu wa watoto. Nitakukuta pale mlangoni.