Naomba ushauri: thamani ya gari kwenye bima kubwa
Wakuu, nahuisha bima kubwa. Gari sokoni ni 10,000,000; wakala anataka niandike 7,000,000 ili ada ipungue. Tatizo ni kipengele cha uwiano (ukiandika chini ya thamani halisi, fidia hupunguzwa kwa kiwango hicho hicho; hapa 7 kwa 10): uharibifu wa 2,000,000 utalipwa asilimia 70, yaani 1,400,000. Kuandika 12,000,000 nako ni kuchoma pesa, maana likiibwa hulipwa thamani ya soko tu.

Je, mkataba wa thamani iliyokubaliwa mapema (gari likiibwa hulipwa kiasi mlichoafikiana mwanzoni, si bei ya soko ya siku hiyo) unastahili ada ya juu kwa gari la miaka 8? Na ile 100,000 ya kujibebea mwenyewe (sehemu ya hasara ambayo bima hailipi), kwenu hukatwa kabla ya uwiano (nipate 1,330,000) au baada (1,300,000)? Mkataba wangu haujasema.