Limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) za mzee zimeshuka: ni mafua au ni sindano? Naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu, miaka 68, tuko naye Tabata, ana mafua makali na homa. Kipimo cha UVIKO-19 hasi. FBP (kipimo cha damu kamili) ya jana: nyutrofili (chembe nyeupe za aina nyingine) 7.0, limfosaiti 0.7, yaani uwiano wa 10. Dada wa maabara kasema uwiano mkubwa hivyo ni dalili ya kuzidiwa. Sikatai, wakati wa UVIKO-19 wagonjwa mahututi wengi limfosaiti zilikuwa chini. Ila mzee ana pumu, na usiku wa kuamkia FBP hiyo alichomwa deksamethasoni, dawa ya steroidi. Steroidi peke yake hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti! Sasa hiyo 10 naisomaje?

Shemeji anang'ang'ania tupime CD4, aina ya limfosaiti (mtaani kwetu ukiitaja tu, umeshapewa VVU). Nijuavyo, nayo hushuka kwa muda mtu akiugua virusi vikali, sioni itatusaidia nini.

Oksijeni ya kidoleni 94, uji anakunywa, anaongea vizuri. Wataalamu, FBP nirudie lini baada ya sindano ile? Na oksijeni ikifika ngapi nimkimbize hospitali ya Amana hata usiku wa manane?