Kasha la kompyuta ya sebuleni: picha sita za uso, kipimo cha ndani hakuna hata kimoja!

Wanajamvi, asalamu aleikum.

Leo mtanistahamilia, nina hasira. Niko Lamu, Mkomani. Mbele yangu sakafuni kuna kasha jeusi la kompyuta limefunuka kama chaza, na tangu siku lilipoingia nyumba hii halijafungika hata mara moja.

Kisa chenyewe. Marehemu baba alikuwa na kamera ya kanda. Harusi za mtaa mzima, Maulidi za miaka ya tisini pale msikiti wa Riyadha, mashindano ya majahazi, mpaka siku niliyoanza madrasa, vyote alivirekodi. Kanda zilianza kuota ukungu, nikazipeleka zikageuzwa faili, na sasa ziko katika diski mbili kubwa za inchi 3.5, moja nakala ya mwenzake. Ninachotaka ni mama aketi sebuleni, ashike rimoti, achague harusi anayoitaka. Basi. Kodi, ile programu ya kuchezesha video kwenye televisheni, nimeshaiweka na inafanya kazi. Bodi, ule ubao ambao vipande vyote huchomekwa, ninayo, ya ukubwa wa Micro-ATX. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ninayo, Ryzen 3 2200G, ambayo inatoa picha yenyewe bila kuongezewa kadi ya picha. Pawasaplai, kile kisanduku cha kulisha umeme, ninayo, ile ya kawaida. Kilichokuwa kimebaki ni kasha tu.

Na kabla hujaandika "si ununue kile kisanduku cha Android cha televisheni yaishe", soma tena hapo juu. Diski mbili za inchi 3.5. Nataka zikae ndani ya chombo kimoja, chini ya televisheni, si kuning'inia kwa waya nyuma ya kabati kama nyavu zilizoanikwa.

Nikaona tangazo la duka moja la Mombasa, jina nalificha. "Kasha maridadi la sebuleni, uso wa alumini, linaingia bodi zote." Picha sita. Mbele, ubavuni, mbele tena, mbele likiwa na taa imewaka. Vipimo: sentimita 43 kwa 36 kwa 10. Vya nje! Nikapiga simu.

"Kaka, feni ya prosesa mwisho iwe na kimo gani?"

"Bosi wangu, hilo linaingia zote."

"Zote zipi? Feni zina vimo mbalimbali."

"Zote, bosi. Tumeuza mengi, hakuna aliyelalamika."

Hapo ndipo ningekata simu. Sikukata. Nikatuma shilingi 9,500.

Wa bara hamjui habari hizi, kwa hiyo nawaeleza. Mzigo ukitoka Mombasa unapanda basi, Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe. Hapo basi limefika mwisho wake. Unashushwa gatini, unapanda boti, unavuka, unashushwa tena, kisha hamali anaubeba hadi mlangoni kwako kwa sababu vichochoro vyetu ni vya watu na punda. Kila mkono ulioushika umelipwa. Sasa mtu akikwambia "ukiwa na tatizo rudisha tu", ujue hajawahi kurudisha kitu kutoka kisiwani.

Likafika. Bodi ikakaa vizuri, milimita 244 kwa 244, kila skrubu ikapata tundu lake, nikaona mambo si haba. Nikashusha mfuniko. Ukasimama. Nikautoa, nikaurudisha, ukasimama tena pale pale. Nikachukua rula ya shule ya mtoto, nikapima kutoka juu ya prosesa hadi mahali mfuniko unapolala: milimita 50. Feni iliyokuja na prosesa kutoka kiwandani, Wraith Stealth, kimo chake ni milimita 54.

Milimita nne! Nikajaribu kubonyeza mfuniko kwa kiganja, bati jembamba, huenda likanionea huruma. Nikawasha huku nimebonyeza. Krrrrrrr! Mama akaita kutoka jikoni, "Wewe, wasaga nini huko?"

Subirini, pawasaplai bado. Nafasi iliyoachwa humo ni ya aina ndogo iitwayo SFX: milimita 125 kwa 63.5, kina 100. Yangu ni ATX, ile iliyo katika kompyuta nyingi za mezani: 150 kwa 86, na kina 140. Haiingii hata ukiisomea dua. Neno SFX halikuandikwa popote katika tangazo, popote! Herufi tatu tu zingeniokoa. Nikampigia tena. "Ah, hapo bosi unatafuta tu ile ndogo, zipo." Zipo wapi, kaka? Hapa Lamu ukitaka pawasaplai ya aina yoyote unaagiza, na ukiagiza tunarudi kwenye basi, gati, boti na hamali. Feni fupi nayo ipo, kwa mfano Noctua NH-L9a ya milimita 37 ingepita chini ya mfuniko huo raha mustarehe. Nimepiga hesabu ya hiyo feni pamoja na SFX: zinazidi bei ya kasha lenyewe. Yaani nimenunua kofia, sasa naambiwa nitafute kichwa kinachoienea.

Nikaomba kurudisha, kwa gharama yangu. Jibu: "Sera yetu boksi liwe halijafunguliwa." Haya, nielezeni nyinyi wenye akili. Vipimo vya ndani hutaki kuniambia. Kufungua nipime mwenyewe hairuhusiwi. Sasa nitajuaje? Nilitikise sikioni kama nazi?

Tangu hapo ujumbe wangu unapata alama mbili za buluu na kimya.

Basi nikasema nilitumie hivyo hivyo. Mfuniko nje, pawasaplai nje, imekaa kando ya kasha kama mgeni ambaye hajakaribishwa ndani, waya zimepita juu. Wiki tatu. Na katika wiki hizo tatu ndipo nikalifahamu vizuri.

"Uso wa alumini" kwanza. Sumaku haikunipa jibu, kwa sababu haishiki alumini wala plastiki. Kucha ndiyo iliyosema ukweli. Nilikwaruza kidogo kwa nyuma, kwenye pembe ya chini, rangi ya fedha ikatoka kama ganda la kitunguu, na chini yake plastiki nyeupe pee. Mwili wote uliobaki ni bati, na bati hilo limepakwa rangi pale macho yanapofika tu. Kwenye kingo zilizokatwa, kuzunguka matundu ya nyuma, chuma ki uchi, na sasa hivi kingo hizo zina mstari mwekundu wa kutu kama wanja. Hapa upepo wa bahari unaingia na chumvi hadi kabatini, kitasa tu usipokipaka mafuta kinagoma. Alumini ya kweli ingestahimili kidogo, ndiyo maana niliitafuta, si kwa ajili ya urembo.

Kelele. Nyuma lina feni mbili za milimita 40, kama vifuniko vya chupa. Feni ndogo namna hiyo ili isukume hewa ya maana lazima izunguke maelfu ya mara kwa dakika, na inalia wiii kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Feni ya milimita 120 husukuma hewa ile ile ikizunguka mara mia saba, mia nane, na huisikii. Na nyumba zetu hizi za mawe, kuta zimepigwa chokaa ngumu, dari juu sana: sauti inagonga ukuta, inarudi, inakwenda tena. Bibi harusi analia kuagana na mama yake, nasi tunasikia wiiii. Anayenunua kasha la sebuleni asiangalie tu kama lina feni, aangalie ukubwa wake. Hata hilo tangazo halikusema, na ile picha ya nyuma, ambayo ingeonyesha, ndiyo iliyokosekana kati ya sita!

Joto nalo. Kabati langu la televisheni lilitengenezwa na fundi wa Langoni, la mvule, lina nakshi, sikulichonga kwa ajili ya kompyuta. Ndani upana sentimita 46, kimo 15, kina 40. Kasha la 43 linaingia, kweli. Lakini matundu yake yote ya kupumulia yako mbavuni, na kila ubavu umebakiwa na sentimita moja na nusu kutoka kwenye mbao. Linavuta pumzi yake yenyewe. Jioni moja ya joto nilitazama diski zikasoma nyuzi 57, na mtengenezaji ameandika mwisho 60. Hizo ni kanda za baba, jamani. Nilizima mle mle katikati ya harusi, mama akakasirika nami.

Na kina! Hili sikulisoma popote, nililipia. Kasha lina kina cha sentimita 36, kabati 40, nikaona imebaki nafasi. Haikubaki. Kichwa cha waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kwenye televisheni, kinatoka nyuma karibu sentimita tano kabla waya haujakubali kupinda. Ikabidi nimwite fundi aje akate mgongo wa kabati alilolitengeneza kwa mikono yake. Alishika msumeno akanitazama, hakusema kitu. Ningependa angesema.

Mitetemo tumeshaimaliza kienyeji. Diski zilikuwa zimefungwa bati kwa bati, kabati zima linanguruma. Nikachukua kandambili iliyoletwa na maji kule Shela, nikakata viduara vinane, nikaweka kimoja chini ya kila skrubu. Kimya. Mpira wa bure wa ufukweni umefanya kazi ambayo kasha la 9,500 limeshindwa.

Kuna pia taa ya buluu mbele, ukizima taa za chumba inamulika hadi ukuta wa pili, ungedhani ni mnara wa kuongozea meli. Nimeibandika utepe mweusi. Sitaki kuizungumza zaidi.

Na juzi, kwa kuwa mfuniko hauna pa kukaa, nimekuta mjusi kafiri amejilaza juu ya bodi, kando ya prosesa, penye joto lake zuri. Kanitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake.

Sasa nyinyi wa hapa jamvini, nanyi sijawasahau. Niliuliza hapa kabla sijanunua, uzi upo. Majibu yalikuwa mangapi? Mengi. "Kasha ni bati tu mkuu." "Chukua dogo, dogo linapendeza." "Chochote kitakufaa." Hakuna hata mmoja aliyeniuliza feni yangu ina kimo gani. Hakuna aliyeuliza pawasaplai ni aina gani, wala kabati lina kina gani, wala matundu yatatazama wapi. Mliangalia picha, mkasema kali. Ni kali kweli, ndiyo maana linanikata vidole kila nikiingiza mkono.

Kwa hiyo safari hii sitaki jina la kasha wala kiungo cha duka. Nataka mtu ambaye kasha analo nyumbani, amelifungua, na ameweka rula ndani. Lichukue bodi ya Micro-ATX, pawasaplai ya ATX ya kimo cha milimita 86, diski mbili za inchi 3.5, na feni yangu ya milimita 54 ikae chini ya mfuniko bila kuguswa. Kwa nje lisizidi upana wa sentimita 44 na kimo cha sentimita 14. Hewa iingie mbele itoke nyuma, maana mgongo wa kabati sasa uko wazi, si kwa hiari yangu. Piga picha rula ikiwa humo. Bila rula, usijibu.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Muuzaji ameamka. Amenitumia picha ya kasha lingine, jeupe. Anasema ni toleo jipya na hilo nalo linaingia zote. Nimemuuliza milimita ngapi juu ya prosesa. Alama mbili za buluu.

NYONGEZA YA PILI: Mmoja ameuliza kama naliuza. Naam, naliuza. Kasha jeusi, liko Lamu. Juu ya prosesa hadi mfunikoni milimita 50. Pawasaplai SFX pekee. Diski za inchi 3.5 mbili. Feni mbili za 40, zinalia. Uso ni plastiki, una mkwaruzo wa kucha pembe ya chini kulia. Kutu kingo za nyuma. Viduara vya kandambili vinane nakuachia. Bei tutaelewana, njoo ulifungue, ulipime, ulitikise unavyotaka. Mjusi nimeshamtoa.